Mbona Kitale wamepata toleo jipya na Bungoma bado?

Swali hili hutufikia kila tunapotoa toleo jipya la apu yetu, na mara nyingi huja na hasira kidogo. "Mwenzangu wa Kitale ameshapata ile sehemu mpya ya kulipia chama, mimi wa Bungoma sina. Kwani sisi si wateja?" Ni wateja, tena wa maana sana. Jibu fupi ni kwamba hakuna mtu ameiruka Bungoma. Simu zenu ndizo tofauti, na maduka ambayo simu hizo huchotea apu ni tofauti pia. Jibu refu ni hili hapa chini, na tunakuomba ulisome lote, kwa sababu kati ya siku mwenzako anapopata toleo jipya na siku wewe unapolipata, hapo katikati ndipo matapeli hufanyia kazi.

Chukua chama cha watu kumi na wawili. Wengine wako Kitale mjini na Kiminini, wengine Bungoma, Chwele na Webuye. Mweka hazina ana Tecno aliyonunua mwaka jana. Katibu ana itel ndogo ya zamani kidogo. Kuna mwenye iPhone aliyoletewa na kijana wake kutoka Qatar, na mwingine ana Huawei. Halafu kuna mzee wa chama, ambaye hakuna mtu anathubutu kumwambia abadilishe simu: ana mulika mwizi yake na chaji inakaa siku nne.

Tunatangaza toleo jipya Jumatatu. Jumanne mweka hazina analo. Katibu anaangalia, hakuna. Mwenye iPhone anaangalia, hakuna. Jumatano, kwenye grupu ya WhatsApp, mtu anatuma faili inayoishia na .apk na ujumbe: "Wadau, hii ndiyo mpya, wekeni haraka kabla ya mchango wa Jumamosi." Wanachama watano wameuza mahindi wiki hiyo hiyo na pesa bado iko kwenye laini. Wakiweka hiyo faili, chama kinaweza kulala bila kitu.

Hiyo faili tutairudia. Kwanza tueleze kwa nini katibu hakuwa na toleo Jumatano.

Msimbo mmoja, faili nyingi

Wakulima wa Trans Nzoia watatuelewa haraka. Kenya Seed, ambayo makao yake makuu yako Kitale, haiuzi mbegu moja kwa Kenya nzima. H614 ni ya nyanda za juu. Ukishuka kwenye maeneo ya kimo cha wastani unaambiwa uchukue H513 au H516. Kampuni ni ile ile na zao ni lile lile, lakini pakiti inategemea shamba lako liko wapi. Ukipanda isiyo ya eneo lako, usilaumu mvua.

Apu nayo ni hivyo. Watengenezaji huandika maagizo kwa lugha ambayo binadamu anaweza kuisoma. Maagizo hayo huitwa msimbo. Simu haiwezi kuyatumia jinsi yalivyo, lazima yageuzwe yawe katika hali ambayo mfumo wa simu na prosesa yake vinaelewa. Kinachotoka baada ya kugeuzwa ndiyo faili unayoweka kwenye simu. Sasa, prosesa za simu za Android si za aina moja. Zile za zamani na nyingi za bei ya chini hufanya kazi kwa biti 32, za siku hizi ni za biti 64. Tangu Agosti 2019 Google inadai kwamba apu yenye vipande vilivyoundwa kwa ajili ya prosesa iwe na toleo la biti 64 pia, kwa hiyo anayetaka kumhudumia mwenye simu ya zamani anaunda zote mbili. iPhone ni dunia nyingine kabisa: mfumo wake, zana zake, faili yake. Huawei, tangu Marekani iiwekee vikwazo mwezi Mei 2019, hutoa simu mpya bila Play Store, kwa hiyo lazima tuandae faili isiyotegemea huduma za Google na tuipeleke kwenye duka la AppGallery.

Kwa hivyo tukisema "tumetoa toleo jipya", tumetoa rundo la faili, na kila moja imejaribiwa kivyake. Kosa ambalo halionekani kwenye Tecno ya mweka hazina linaweza kuizima apu kwenye itel ya katibu kila anapogusa kitufe cha kutuma, kwa sababu tu simu yake ina kumbukumbu ndogo.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Tangu Agosti 2021 apu mpya zinazopelekwa Play Store haziendi kama faili moja iliyokamilika. Zinapelekwa kama furushi, halafu Play Store yenyewe inakata kipande kinachofaa simu yako: prosesa yako, kioo chako, lugha yako. Ni jambo zuri, linakuokolea bando na nafasi kwenye simu. Lakini ndiyo sababu ukichukua apu kutoka kwa simu ya jirani kwa Bluetooth au Xender, mara nyingi inakataa kufunguka au inafunguka nusu nusu. Alichokupa jirani kilikatwa kwa ajili ya simu yake. Hata kama ni apu halali kabisa, si yako.

Milango mitatu

Faili zikiwa tayari, haziingii kwenye simu yako moja kwa moja. Google inazikagua. Apple inazikagua kwa njia yake. Huawei nayo hivyo hivyo. Mmoja anaweza kumaliza asubuhi, mwingine kesho yake, na kila mmoja anaweza kuturudishia na maswali.

Hata baada ya kupita, hatufungui lango lote kwa mara moja. Play Store hutuwezesha kutoa toleo kwa asilimia ndogo ya watumiaji kwanza, tuangalie kama kuna tatizo, kisha tuongeze. Apple wana ratiba yao ya siku saba kwa simu zinazojisasisha zenyewe: asilimia 1 siku ya kwanza, kisha 2, 5, 10, 20, 50, na siku ya saba wote 100. Ukiwa na iPhone si lazima usubiri, unaweza kuingia App Store mwenyewe na kusasisha. Kwa Android, ukiwa nje ya ile asilimia, hata ukiingia Play Store mara kumi hutaona kitufe.

Nani anaingia kwenye asilimia ya kwanza? Ni bahati nasibu ya duka. Hatuangalii kaunti, wala salio, wala umekuwa mteja miaka mingapi. Tunajua inaudhi. Lakini fikiria tatizo la kulipa bili likitokea kwa mteja mmoja kati ya mia, na likitokea kwa wote siku ya soko Chwele. Afadhali mtulaumu kwa kuchelewa.

Wenye kazi hii walitutangulia

Mpangilio huu hatukuubuni sisi. Umekomazwa kwa miaka mingi na watu wa programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuurekebisha. Sehemu kubwa ya apu zilizo kwenye simu yako, yetu ikiwemo, imejengwa juu ya vipande vya namna hiyo.

Mfano ni Python, lugha ya kuandikia programu ambayo wanafunzi wengi wa kompyuta huanza nayo. Kila toleo lina msimamizi wake. Msimamizi anatia alama kwenye msimbo kwamba hapa ndipo toleo lilipo, kisha mtu wa Windows anaunda faili ya Windows kutoka kwenye alama hiyo hiyo, na mtu wa Mac anaunda ya Mac. Watu hawa wanaweza kuwa nchi tofauti, mmoja amelala wakati mwingine anakula chakula cha mchana. Utaratibu wao wameuandika hatua kwa hatua kwenye waraka uitwao PEP 101, na tangazo hutoka mwishoni, baada ya faili za wote kupatikana. Ukitangaza mapema, wa Windows wanakuja wanakuta rafu tupu.

Hapa kwetu Magharibi tunao mfano wa karibu zaidi. AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi huko Eldoret na vyuo vya Amerika Kaskazini vikiongozwa na Indiana, una kliniki hadi Kitale na Webuye. Kutoka hapo ndipo lilipochipuka wazo la OpenMRS, mfumo huria wa kuhifadhi rekodi za wagonjwa ulioanza 2004 na leo unatumika katika nchi nyingi. Baadaye wahudumu wa AMPATH waliokwenda nyumba kwa nyumba kupima HIV walibeba simu za Android zenye ODK Collect, apu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008. Mhudumu anajaza fomu mahali pasipo na mtandao, simu inaihifadhi, inaituma akifika penye mtandao. Mpaka leo ODK hutoa kwanza toleo la majaribio kwa wanaojitolea, kisha ndiyo linaenda Play Store kwa wote. Ukiwa na watu mashambani wanaokusanya majibu ya wagonjwa, hutaki wagundue kosa wakiwa mlangoni mwa mtu.

Swali ambalo miradi hii hubishania ni hili: faili ya simu moja ikichelewa, je, wengine wasubiri? Kuna wanaosema kila jukwaa litoke likiwa tayari. Kuna wanaosema wote watoke pamoja au asitoke mtu. Sisi tunaona inategemea kilichobadilika. Rangi mpya ya kitufe haina haja ya kusubiriana. Lakini likiwa ni tundu la usalama lililozibwa, kusubiriana ni lazima, na sababu yake ni rahisi: toleo jipya likitoka kwenye simu za aina moja, mwizi anaweza kulilinganisha na la zamani, akaona kiraka kiko wapi, na hapo hapo akajua tundu lilikuwa wapi. Kwenye programu huria ni rahisi zaidi kwake kwa sababu msimbo uko wazi. Wale ambao hawajapata kiraka wanabaki uchi.

Kuona msimbo si kuona faili

Hapa tunataka kukaa kidogo, maana ndiyo sehemu inayogusa ile faili ya kwenye grupu.

Mwishoni mwa Machi 2024, mhandisi wa Microsoft anayeitwa Andres Freund aliona kwamba kuingia kwenye kompyuta zake za majaribio kunachukua karibu nusu sekunde zaidi ya kawaida. Wengi wetu tungesema ni mtandao. Yeye alifuatilia, akagundua kwamba xz, programu huria ya kubana faili inayotumika kwenye kompyuta nyingi mno za seva duniani, ilikuwa imewekewa mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeuweka alikuwa amejenga uaminifu ndani ya mradi kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akapewa ruhusa ya kutoa matoleo.

Ujanja wake ulikuwa huu: kipande kinachowasha mlango huo hakikuwa kwenye msimbo uliokuwa wazi kwa wote. Kilikuwa ndani ya furushi la toleo, lile ambalo watu hupakua. Msomaji wa msimbo asingekiona. Kwa hiyo mtu akikwambia programu fulani ni salama kwa sababu msimbo wake uko wazi, muulize faili aliyokupa imetoka wapi na nani aliiunda.

Njia ya kulijibu swali hilo inaitwa saini ya kidijitali. Mkulima anajua mfano wake. Ukinunua mbegu siku hizi, unakwangua stika ya KEPHIS kwenye pakiti, unatuma ile nambari kwa 1393, unajibiwa kama mbegu ni ya kweli. Pakiti yenyewe mtu anaweza kuigiza, hata rangi na picha ya mhindi. Ile nambari ndiyo ngumu. Kwenye Android kila apu hutiwa saini kwa ufunguo wa siri wa mwenye apu. Simu yako inakumbuka saini ya apu uliyonayo. Ikija faili inayodai kuwa toleo jipya la apu hiyo lakini saini ni tofauti, simu inakataa kuiweka juu ya ile ya zamani. Hakuna ubishi, hakuna kubembeleza.

Mulika mwizi ya mzee

Mzee wa chama hakupata toleo lolote, na hakukosa kitu. Menyu ya nyota na reli haikai kwenye simu yake. Inakaa kwetu, simu inaionyesha tu. Tukiibadilisha kwetu, imebadilika kwa wote dakika hiyo hiyo, awe na mulika mwizi ya Bungoma au simu ya laki moja ya Kitale. Ndiyo maana sehemu yoyote inayohusu kutuma na kutoa pesa huwa tunaiweka kwenye menyu hiyo pia. Toleo la apu likikusumbua katikati ya shughuli, piga nyota na reli, maliza kazi yako.

Hili linajibu pia hofu ambayo mara nyingi watu huionea aibu kuiuliza: mweka hazina mwenye toleo jipya akimtumia katibu mwenye la zamani, pesa inaweza kupotelea katikati? Hapana. Apu haibebi pesa. Inabeba ombi lako tu. Salio liko kwenye daftari moja, kwa upande wetu, na daftari hilo halina Kitale wala Bungoma. Kabla hatujatoa apu mpya tunabadilisha seva kwanza ili ielewe lugha ya toleo jipya na bado iendelee kuelewa la zamani. Tukikaribia kuacha kabisa kuhudumia toleo la zamani, utaona ujumbe ndani ya apu yenyewe wiki kadhaa kabla. Ujumbe huo hautakuja na faili.

Sasa ile faili ya grupu

Faili bandia huwa na majina mazuri. Huitwa toleo jipya, toleo la 5G, toleo la mkopo wa haraka. Aliyeituma mara nyingi si mwizi, ni shemeji yako au mwalimu wa kwaya ambaye naye alitumiwa. Kwa sababu saini haifanani, faili hiyo haiwezi kukaa juu ya apu yako halali. Basi inafanya moja kati ya mambo mawili: inakuomba ufute ya zamani kwanza, au inakaa pembeni yake na unabaki na alama mbili zinazofanana kwenye kioo. Ukiona mojawapo, simama hapo.

Ukiifungua, inaomba ruhusa. Inataka kusoma SMS, inataka kusoma arifa, inataka ile ruhusa ya ufikivu iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, ambayo humwezesha mwenye apu kuona kilicho kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba yako. Akishapata hizo tatu, akisubiri uandike PIN mara moja, hahitaji tena kukupigia simu akijifanya wa huduma kwa wateja. Google imeanza kuzuia faili za namna hii, zinazotoka nje ya duka na kuomba ruhusa hizo, kupitia Play Protect. Mpango huo ulianzia Singapore mwaka 2024 na Kenya imo kati ya nchi zilizofuata. Kwa hiyo simu ikikuzuia, usimtafute kijana wa kibanda cha simu akuondolee kizuizi. Kizuizi kinakusaidia.

Tahadhari moja kuhusu saini: inakulinda tu kama tayari una apu yetu halali. Simu mpya haina cha kulinganisha. Ukinunua simu, iwe ya dukani au ya mkononi, apu ya pesa itoe Play Store, App Store au AppGallery, na uangalie jina la kampuni lililoandikwa chini ya jina la apu. Usikubali kuwekewa na muuzaji kutoka kwenye simu yake, hata kama anasema anakuokolea bando.

Na kama uliiweka tayari? Zima data na Wi-Fi papo hapo. Usiingize PIN kwenye simu hiyo kwa sababu yoyote, hata kuangalia salio. Toa laini, iweke kwenye simu nyingine, na ile mulika mwizi ya mzee ndiyo bora kuliko zote kwa kazi hii, kisha badilisha PIN kupitia nyota na reli. Piga nambari yetu ya huduma kwa wateja ukiwa bado umeshika simu hiyo ya kuazima, utueleze faili iliitwaje na ilikuja lini. Kama pesa imetoka, usipoteze muda kuandika malalamiko marefu kwanza. Tupe nambari ya muamala, kwa sababu pesa ambayo bado haijatolewa kwa wakala tunaweza kuishikilia. Simu yenyewe irudishwe ilivyotoka kiwandani kabla hujairudishia laini.

Ukimaliza, ingia kwenye ile grupu uandike kwamba faili ya Jumatano ni bandia, na mumwombe admini aifute. Kuna mwenzako wa Chwele ambaye bado hajaifungua.